Aliyefuta Miadi

Mjomba wangu, ofisi nzima ikimwita Mzee Semikoloni, ndiye aliyeandika programu za miadi za hospitali yetu kwa lugha ya kompyuta ya Perl, ambayo mistari yake hufungwa kwa semikoloni, wakati sisi wengine bado tunafungwa kamba za viatu. Kazi alinifundisha yeye, na sikuona haya kumwita mjomba mbele ya wakubwa.

Kisha miadi ikaanza kufutika. Wagonjwa wanatoka mbali, wanafika dirishani, majina yao hayamo. Mkuu wa kitengo, mtu wa kimbelembele, akaanza kunong'ona kwamba mzee kachoka, apumzishwe. Damu ilinichemka. Ni kweli siku hizi mjomba aliuliza jambo lile lile mara mbili, lakini nani haulizi? Nikaapa kumsafishia jina.

Kipande cha programu kinachofuta miadi tulikijua: futa_miadi. Tusichokijua ni kipande gani kingine kinachokiita, maana kinaweza kuitwa kutoka popote. Nikaongeza ndani yake mstari wa kutaja jina la aliyekiita, nikasubiri. Kikajitaja chenyewe: futa_miadi, futa_miadi. Mjomba akachungulia begani kwangu, akacheka.

"Kwenye amri ya caller umeweka sifuri, mpwa wangu. Hiyo inakutajia aliyeitwa. Weka moja, umpate aliyemwita."

Nilifurahi kupita kiasi. Mtu aliyechoka akili angekumbuka hilo?

Nikaweka moja. Punde likatokea jina geni: safisha_foleni. Tukakifungua kipande hicho pamoja. Kiliandikwa mwezi uliopita ili kifute miadi iliyokwishapita, ila alama ya kulinganisha tarehe iligeuzwa, kikawa kinafuta inayokuja. Juu kabisa paliandikwa: "Ukigusa hapa, nawa mikono." Utani huo hakuna mwingine ofisini anayeuandika ila mjomba.

Mjomba alisoma taratibu, akasonya. "Nani huyu kaandika uchafu huu?"

Nilitafuta uongo wa kumpa, nikaukosa.

"Ni wewe, mjomba."

Akatabasamu, akidhani namtania. Akausoma tena ule mstari wa juu, na tabasamu likamtoka. Sijawahi kumwonea mtu uchungu namna ile. Nilitamani nisingalitafuta chochote, miadi ifutike yote. Akaisogeza kibodi upande wangu, polepole, kwa mikono miwili.

"Sikumbuki," akasema. "Hata kidogo. Nenda kamwambie mkuu sasa hivi, kabla sijasahau na hili."