Ukuta Nilioukandika Peke Yangu

Nakumbuka Jumapili moja wanawake walikuja kwangu wamejifunga vitenge kiunoni, ndoo za udongo kichwani, wanaimba, wanataka kazi, na mimi sikuwa na kazi ya kuwapa. Mwanangu, cheka kwanza. Mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile nacheka hadi nashika mbavu, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nakusimulia kwa sababu juzi uliniambia unafungua saluni yako pale Kahama, na nilipokuuliza ni nani anakusaidia kupaka rangi na kuhamisha vitu, ukanijibu, "Shangazi, sitaki kusumbua watu." Neno hilo nalijua sana. Nililitamka mimi kabla baba yako hajaota ndevu.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kwetu Mhunze, Kishapu, na binti yangu Kabula mgongoni, nimemfuata mume wangu machimboni huko Geita. Kulikuwa na rashi. Ndivyo wachimbaji wanavyoita dhahabu inapoonekana mahali, watu wakamiminika kutoka kila kona na palipokuwa pori pakawa mji. Mume wangu alishuka kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia, asubuhi na mapema, na jioni akapanda juu mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo unayaona. Mimi sikuja kukaa na kumsubiri. Nikaamua kuwa mama lishe.

Kulikuwa na mstari mzima wa mama lishe pale, kando ya mashine za kusagia mawe. Walitoka Bukoba, Kigoma, Tabora, Singida, na sisi Wasukuma tulikuwa wengi kuliko wote na wenye kelele kuliko wote. Hakuna aliyekuwa na mama wala dada wa kumkimbilia, kwa hiyo wakajifanya ndugu. Mmoja akienda kujifungua, mwenzake anashika mwiko, na wateja wanakula kama kawaida. Mtoto wa mmoja akipotea, sufuria zote zinaepuliwa na watu wanatawanyika kumtafuta. Hawakuwa na ofisi wala muhuri. Walikuwa na Mama Masanja.

Mama Masanja alikuwa Msukuma wa Maswa, mpana, anavaa mabuti ya wachimbaji masika na kiangazi, na sauti yake ilisikika hadi chini ya maduara. Huyo ndiye aliyeleta pale desturi yetu ya nyumbani ya kuitana shambani na kulimiana kwa ngoma. Kwa kuwa machimboni hakuna mashamba, akaihamishia kwenye kuta. Mgeni anasimamisha miti yake na kufunga fito, halafu Jumapili mstari mzima unakuja kumkandikia kibanda kwa udongo. Mwenye kibanda anateka maji na kupika chakula. Ukishakandikiwa, wewe ni wao. Kabla ya hapo utaomba kaa la moto na utapewa, lakini siku usipofungua hakuna atakayeuliza kulikoni.

Nilitaka kuwa wao, mwanangu. Nilikuwa na mtoto mdogo, mume ardhini kutwa nzima, na nikiumwa sikuwa na wa kumwambia.

Tatizo lilikuwa chakula. Nilikuwa na sufuria moja ya biashara na gunia la michembe ambalo mama yangu alinitumia kwa basi. Wewe umekulia mjini, labda michembe unaiona sokoni tu: viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka. Kwetu Kishapu hicho ni chakula cha heshima, lakini mimi nilishajiona mtu wa mjini. Nikawaza, hawa wanawake wa Bukoba na ndizi zao, nitawawekea mbele vipande hivi? Tena wakipita ndani wakikandika wataona sina kitu, mkeka mmoja na kanga ya kumfunika mtoto. Aibu ikanishika. Basi wiki ile, kila jioni nikishaosha vyombo, nilichota udongo, nikaukanyaga, nikakandika. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimemaliza kuta zote nne. Nikazitazama, nikajipongeza, nikajiambia, sasa sitasumbua mtu.

Jumapili wakaja, na wimbo wao nikausikia kutoka mbali. Walipokata kona wakaona ukuta umekwisha, wimbo ukafa katikati ya neno.

Nikawaamkia. "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba," wakajibu wachache, macho kwenye ukuta.

Mama Masanja alikizunguka kibanda taratibu, akaugusa udongo kwa kiganja, akarudi mbele yangu. "Nani amekandika hapa?"

"Mimi, mama."

"Wewe na nani?"

"Peke yangu. Sikutaka kuwasumbua."

Nyuma mtu akaguna. Mama Koku, yule wa Bukoba, akasema, "Basi jamani, mimi nikafue nguo zangu." Lakini Mama Masanja hakuondoka. Aliteremsha ndoo yake chini, akajishika kiuno.

"Mayu," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita mwanamke kwetu, hata akiwa mdogo, ukitaka kumpa heshima yake huku unamchapa. "Mayu, umetufungia mlango kabla hatujapiga hodi. Mimi kibanda changu nilikandikiwa na hawa. Cha Mama Koku tulikikandika jua linawaka hadi nikaanguka. Kesho mtoto wako akishikwa na homa utakuja kwangu mbio, na mimi nitakuja. Lakini mtu asiyetaka mkono wangu kwenye ukuta wake, nitajuaje kama anautaka kwa mtoto wake?"

Machozi yakaanza kunitoka, mjinga mimi, nimesimama mbele ya ukuta wangu mzuri.

"Usilie, kulia hakujengi," akasema. "Sisi tumekuja kufanya kazi na haturudi hivi hivi. Kazi yetu umeimaliza, basi tutafutie nyingine. Sasa hivi, tunakusubiri."

Wote wakatua ndoo, wakanitazama. Hiyo ndiyo faini niliyopigwa, na sijawahi kusikia mtu mwingine aliyepigwa faini kama hiyo. Akili ikanizunguka. Nikaifikiria siku yangu tangu kuamka, na kitu cha kwanza kilichonijia ni kisima. Kilikuwa bondeni, na njia yake ilikuwa mawe yanayoteleza na miiba mitupu. Siku chache kabla, Mama Koku alianguka pale na maji yake yote yakamwagika. Mimi nilimpa pole, nikampita na ndoo zangu.

"Njia ya kisimani," nikasema kwa sauti ndogo.

Wakatazamana. Kila mmoja wao aliilaani njia ile kila asubuhi, lakini aliilaani peke yake, anapanda anahema. Mama Koku akapiga makofi. "Hapo umesema! Goti langu hili bado limevimba."

Tukashuka na majembe na mapanga. Tulipofika kwenye miamba tukakwama, ila wimbo ulikuwa umeshafika kwenye maduara, na wachimbaji wakaja kuona kuna nini. Mama Masanja hakuwapa nafasi ya kushangaa. "Mnakunywa maji haya au hamnywi? Leteni sururu!" Wakaleta. Mume wangu naye alikuwemo, anacheka meno nje. Wale watu mwamba wanaujua, wakauchonga mteremko mpana unaokanyagika. Kijana mmoja akakimbia kuleta ngoma, na hapo hata kazi ikawa mchezo wa kwetu wa majembe, unalima, unalirusha juu, unalidaka, unalima. Waha wa Kigoma na Wanyiramba wa Singida hawakuujua, wakajifunza hapo hapo, majembe yanaanguka ovyo na sisi tunacheka. Nilikuwa nimejaa matope hadi kwenye nywele. Tangu nitoke Mhunze sikuwa nimefurahi hivyo.

Jua lilipokuwa utosini njaa ikawashika, na macho yote yakanigeukia mimi. Sikuwa na pa kujificha tena. Nikaazima sufuria kubwa ya Mama Koku, nikachemsha michembe yangu, nikaiunga karanga zilizotwangwa, nikaipakua. Mama Koku akatia kipande mdomoni, akatafuna. Kisha akaninyooshea sahani. "Ongeza."

Kesho yake asubuhi wenzake mume wangu walikuwa mlangoni kwangu wanaulizia michembe na chai. Kuanzia hapo michembe ndiyo iliyonitambulisha. Mama yangu akaanza kuanika na ya majirani, wanawake wa mtaa mzima kule Mhunze wakawa wanatuma magunia kwa basi, na konda naye akapata chake. Na mimi ndiye niliyekuwa naionea haya!

Jioni ile, tukinawa kisimani, nikamnong'oneza Mama Masanja, "Sasa mimi ni wenu?"

Akacheka hadi akayumba. "Njia ni ya wote, mayu. Wewe bado hujakandikiwa."

Nikalala nalo hilo neno moyoni. Njia ikafanya kazi yake. Kwa kuwa sasa ilipitika, vijana wa baiskeli wakaanza kuleta madumu ya maji hadi jikoni kwetu. Pale kwenye kona, mmoja akafungua sehemu ya kuziba pancha. Akaja fundi cherehani, akaja muuza nyanya, ikaja mashine ya kusaga. Siku hizi ni barabara, bodaboda zinapita na malori yanapita. Halmashauri ilipokuja kumwaga kifusi ilitukuta tuko pale zamani, biashara zimepangana pande zote mbili, na tuliwapikia waliokuja kukimwaga.

Lakini turudi nyuma, wakati ule mimi bado nilikuwa na ukuta wangu. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, mchana kweupe, nikasikia kitu kinashuka taratibu. Nikageuka, nikaona ukuta wa upande wa njiani unajimwaga wote chini. Sikujua kwamba udongo unachanganywa na majani na kinyesi cha ng'ombe, halafu unaachwa uive. Nikabaki nimesimama na Kabula mkononi, mkeka wangu na kanga yangu viko wazi kwa kila apitaye.

Na unajua nilifanya nini kwanza? Nilishika ndoo. Kweli kabisa, nilijiambia, nikianza jioni hii, Jumamosi nitakuwa nimemaliza. Nikapiga hatua mbili kwenye mvua. Kabula akakohoa, nikakumbuka lile swali la Mama Masanja, kwamba atajuaje kama nautaka mkono wake. Ni kweli, angejuaje, wakati sijawahi kumwambia?

Nikaipindua ndoo, nikachukua mwiko, nikaipiga kwa nguvu zangu zote. "Jamani! Ukuta wangu umeanguka! Njooni mnisaidie!"

Mwanangu, walitoka kwenye vibanda vyote kama waliokuwa wamevaa tayari. Walikuja wanacheka, vitenge juu ya vichwa, Mama Masanja mbele na mabuti yake. "Mlio huo!" akapiga kelele. "Mlio huo ndio tuliokuwa tunausubiri!" Siku ile walinifunika kwa turubai, Kabula akalala kwa Mama Koku. Jua lilipotoka wakazibomoa hata zile kuta tatu zilizobaki, wakakandika upya, ndani na nje, wanaona mkeka wangu na hakuna aliyeujali. Mama Masanja alinifundisha kukanyaga udongo. Walipomaliza kila mmoja akaubandika mkono wake kwenye ukuta ukiwa bado mbichi, wakapiga vigelegele, wakaniita Mama Kabula wa Michembe. Nililia tena, na safari hiyo sikuona haya.

Sasa niko Ibadakuli kwenye nyumba ya tofali za kuchoma, na ndege zikishuka uwanjani vyombo vinatetemeka kabatini. Lakini kila ninapojenga kitu, hata banda la kuku, naacha upande mmoja. Majirani wamenizoea, wananitania kwamba bibi hana nguvu za kumalizia. Waache waseme, ilimradi wanaingia kumalizia.

Basi usia wangu ni huu. Mahali petu hapa, kwenye machimbo na masoko, watu wengi hawana mshahara wala bima, wanasimama kwa kuwa wameshikana. Ukijitenga ili usimsumbue mtu, unamnyima jirani nafasi ya kuwa jirani yako. Usingoje uwe na chakula kizuri ndipo uite watu, wape ulichonacho. Usiwafiche mkeka wako. Na ukialikwa kwenye kazi ya mwenzako, nenda na ndoo yako bila kuuliza utapata nini. Paka rangi kuta tatu za saluni yako, ya nne iache. Mwite yule mama wa nyanya mlangoni kwako, mwite kijana wa bodaboda, mwite hata yule mwenye saluni ya jirani unayemwogopa.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, na gunia la michembe. Nikikuta umeshazipaka zote nne, nitakaa mlangoni pako, nishike kiuno, na utanitafutia kazi mbele ya mtaa mzima.

Mungu akupe wateja wanaokuzoea hadi wakuite kwa jina la mtoto wako. Akupe majirani wanaoingia bila kungoja kukaribishwa. Akupe sauti ya kuita siku ukuta wako unapoanguka, na wanaoisikia wawe karibu. Wabeja, asante mwanangu, kwa kunisikiliza.