Upawa Mkononi, Kijicho Moyoni

Saa saba kasoro dakika kumi mchana, sahani chafu ya kwanza inasukumwa kupitia dirisha dogo la nyuma ya bwalo la chuo. Mikono miwili yenye glavu za mpira inaidaka, inakung'uta mabaki kwenye ndoo na kuitosa ndani ya sinki la maji ya moto. Dakika tano baadaye sahani zimekuwa mlima.

"Mizani! Wamekuficha huku?" Mwanafunzi mmoja anachungulia.

"Nimejificha mwenyewe. Lete sahani, usinizibie hewa."

Kijana anacheka na kwenda zake. Mwanamke mwenye glavu hacheki.

Ana miaka thelathini na mitano. Kwa miaka tisa alisimama mbele, si huku nyuma, akigawa wali na maharage kwa upawa mmoja wa chuma. Hakumwongezea mzuri, hakumpunguzia mkorofi. Ndipo wanafunzi wakambatiza jina la Mizani, na jina likamganda hata kwa wenzake wa jikoni.

Sasa ni wiki ya tatu tangu aondolewe kwenye upawa. Na Ijumaa hii, saa kumi jioni, unafungwa mlango aliousubiri tangu akiwa na miaka ishirini na mmoja: nafasi ya kurudi kuwa mwanafunzi wa chuo hikihiki anachokioshea vyombo. Fomu ameshaijaza. Kilichobaki ni barua ya mkuu wake wa kazi, na mkuu huyo ndiye aliyemnyang'anya upawa.

"Leo Jumatano," anasema huku akisugua sinia. "Nimemwomba barua tangu juzi. Ananiambia bado anafikiria. Mtu akikwambia anafikiria, ujue usingizi wako umekwisha."

Miaka kumi na mitano iliyopita Mizani aliingia chuoni kusomea hesabu. Baba yake alikuwa mpakiaji wa mizigo sokoni hadi mgongo ulipomgomea. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na bado anashona. Nyumba nzima ilitegemea cherehani moja.

Chuo hakikuwatupa watoto wa nyumba kama hizo. Kiliwapa tiketi za chakula. Lakini tiketi zilikuwa za rangi ya waridi, na zilipokelewa katika dirisha la mwisho tu, kando ya mapipa ya taka, kwenye foleni ya peke yake. Aibu ile haikutokea kwa bahati mbaya. Iliketiwa kikao na kupangwa na watu waliokuwa wamekula wakashiba.

"Ukisimama pale, bwalo zima linakuona," anakumbuka. "Nilisimama mara moja. Jioni yake wenzangu wa chumbani walishanipa jina, Bi Waridi. Sikurudi tena. Nilikuwa na tiketi kumi na tisa ndani ya kamusi, nimezipanga vizuri. Nikafa njaa huku chakula ninacho."

Mwaka wa pili alizimia katika chumba cha mtihani. Alianguka masomo matatu, akafunga virago. Miaka mitano baadaye alirudi kwa mlango wa jikoni, kwa mshahara wa mwezi usiofika hata nusu ya ada ya muhula mmoja.

Kisha, miaka minne iliyopita, chuo kikabadilika mbele ya macho yake.

"Tulipofungua kumbukumbu tuligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya tiketi hazikuwahi kutumika," anaeleza ofisa wa ustawi wa wanafunzi, mama wa makamo ambaye meza yake imejaa mafaili hadi kwenye kiti cha wageni. "Watu walikuwa wanachagua njaa. Tukajiuliza, msaada gani huu unaomvua mtu nguo?"

Leo wanafunzi wote wana kadi ya aina moja, foleni moja, sahani moja. Kati ya zaidi ya mia sita wanaokula mchana, mia mbili na kumi na wawili wanalipiwa na chuo. Mwanafunzi anapogusisha kadi, nukta ndogo ya kijani huwaka kwenye kioo cha mashine kilichomwelekea mgawaji peke yake, ili asimdai pesa. Hakuna mwingine anayeiona. Wanaolipiwa hupewa pia kompyuta ya kuazima, nauli ya kwenda nyumbani wakati wa likizo, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kuwashika mkono mpaka wachangamke.

Nukta hiyo ya kijani ilimwingia Mizani jichoni kama kibanzi.

"Kila ilipowaka, roho iliniuma," anasema bila kupepesa macho. "Namwona binti mdogo, amevaa viatu vizuri, anacheka na wenzake, anachukua chakula kama malkia. Najiambia, huyu ni mimi. Huyu ni mimi bila yale mapipa. Kwa nini yeye? Nilikosa nini mimi, zaidi ya kuzaliwa mapema?"

Anazima bomba.

"Sikuwachukia. Niliwaonea wivu, na wivu wenyewe ulikuwa na meno."

Meno hayo yaliuma kupitia upawa. Muhula uliopita, nukta ilipowaka, mkono wake ulianza kuinama kidogo kabla ya kufika kwenye sahani. Maharage machache yakarudi sufuriani. Siku ya kwanza alijidanganya kwamba ameteleza. Siku ya kumi hakuwa tena na cha kujidanganyia. Mama yake, anayeishi naye katika vyumba viwili vya kupanga, hashangai hata kidogo.

"Huyu tangu utotoni yuko hivi," anasema bibi huyo, pini mdomoni, gauni la mteja mapajani. "Nikigawa mkate, kabla hajala chake anapima cha mwenziwe kwa macho. Nilimwambia, mwanangu, kijicho hiki kitakuja kukutoa mahali."

"Mama, hadi kwa waandishi?"

"Si wamekuja kuuliza? Niwadanganye?"

Aliyemfumania hakuwa msimamizi wala kamera. Alikuwa binti wa mwaka wa kwanza anayesomea hesabu, mmoja wa wanafunzi sita wanaokula meza moja. Kila siku mezani kulikuwa na ubishi nani kapendelewa, mpaka rafiki yao wa kemia akaazima mizani ndogo ya maabara na kuileta ndani ya begi. Kwa siku tatu walipima sahani zote sita, wakicheka hadi machozi kwamba leo Mizani anapimwa.

Siku ya tatu kicheko kilikatika. Sahani nne zilikuwa karibu sawa. Mbili zilipungua kila siku, gramu sitini, gramu sabini. Moja ilikuwa ya kijana ambaye hajawahi kuficha kwamba analipiwa na chuo. Hulitaja jambo hilo kwa mbwembwe. Ya pili ilikuwa ya yule binti, ambaye hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Meza nzima ikamgeukia. Kama mmoja analipiwa, basi na wa pili analipiwa; hesabu ilikuwa nyepesi.

Kesho yake binti alisubiri foleni iishe, akamsogelea Mizani.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Kivipi tena, mdogo wangu?"

"Tumepima, dada. Siku tatu. Chakula ningevumilia, njaa naijua. Lakini sasa wote mezani wanajua. Chuo kimenificha, wewe umenitoa nje."

Mizani anasema upawa ulimponyoka ukazama kwenye maharage hadi mpini. Alitaka kukana. Alitaka kumkaripia mtoto wa watu kwa kuleta vitu vya maabara mezani. Badala yake alisikia kichwani jina ambalo hakuwa amelisikia kwa miaka kumi na minne: Bi Waridi. Safari hii mwitaji alikuwa yeye.

"Nilimfanyia kilekile," anasema. "Tena mimi ninayejua kinavyouma."

"Nisamehe, mdogo wangu," alimwambia.

"Samahani yako nitaifanyia nini? Sasa nakula peke yangu," binti alijibu, akageuka.

Alasiri hiyohiyo, kabla hajaitwa na mtu, Mizani alivua aproni akaenda ofisini kwa msimamizi wa bwalo, mwanamume mpole wa sauti lakini mgumu wa maamuzi, na kumweleza yote. Alipewa onyo la maandishi na miezi miwili ya kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata ndipo tangazo lilipobandikwa kwenye ubao: waliokatisha masomo kwa umaskini ndani ya miaka kumi na mitano iliyopita wanaweza kurudi, maksi zao zikihesabiwa, ada ikilipwa na chuo. Yeye ametimiza miaka kumi na minne. Tangazo hilo ni la kwanza, na litarudiwa baada ya miaka miwili. Akikosa safari hii, amekosa moja kwa moja.

"Nilisoma tangazo nikacheka peke yangu kama mwehu," anasema. "Miaka yote hiyo faili langu safi. Nimelichafua mwezi huu!"

Alhamisi inapita bila barua. Ijumaa saa tisa na dakika ishirini, mikono ikiwa bado na povu, anaitwa ofisini. Msimamizi anamsogezea karatasi moja.

"Isome hapahapa. Ukiona nimekuonea, sema."

Anasoma amesimama. Aya ya kwanza inaeleza kosa lote, wanafunzi wangapi na kwa muda gani, bila kupaka rangi. Aya ya pili ni fupi: kwamba alikuja kujisema mwenyewe, na kwamba kwa miaka tisa hakuwahi kuchelewa kazini hata siku moja.

"Bosi, hii ya kwanza itaniua."

"Ningeiacha, ningekuwa nimepunguza upawa na mimi," anajibu msimamizi. "Nenda, Mizani. Saa haikungoji."

Anavuka uwanja wa chuo mbiombio, na aproni yake. Saa kumi kasoro dakika saba anaiweka bahasha mbele ya ofisa wa ustawi. Mama huyo anapekua fomu, kidole kinasimama kwenye ukurasa wa tatu.

"Hapa hujajaza. Utahitaji msaada wa chakula?"

Mizani anatazama ukuta. Nyuma yake waombaji wawili wanasubiri na masikio yao wazi.

"Ndiyo," anasema, kwa sauti ambayo wote wanaisikia. "Weka alama."

Kamati itakutana baada ya wiki tatu. Ofisa hasemi kama barua ile itamsaidia au itamwangusha. Anasema tu kwamba kamati husoma aya zote. Mizani amenunua daftari la mistari, na mama yake amekwisha kulishonea jalada la kitambaa kabla ya kuulizwa. Kila jioni anafanya maswali matano ya hesabu za mwaka wa kwanza. Juzi alipata matatu.

Jumatatu iliyofuata, mlima wa sahani ukiwa nusu, binti yule anatokeza dirishani na sahani yake. Haondoki mara moja.

"Nimesikia umeomba kurudi. Hesabu, mwaka wa pili?"

"Wakinikubali."

"Mwakani na mimi niko mwaka wa pili. Tutakaa darasa moja."

"Ndiyo hivyo."

"Sijakusamehe bado, dada."

"Sijakuomba uharakishe. Mtihani wa juzi umepata ngapi?"

"Themanini na moja."

Mizani anaidaka sahani, anaikung'uta, anaitosa majini. Binti akishapotea mlangoni, ndipo anapogeuka.

"Themanini na moja!" anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Ule wivu wa kumpunguzia nimeuacha kwenye sufuria. Huu mwingine nabaki nao. Mwakani, wakinipa kiti, nataka themanini na mbili."