Mashine ya Kuzinduliwa

Hasira hasara, mama yake alimwambia tangu utotoni, na Jebet aliiamini methali hiyo mpaka alipokuwa daktari wa upasuaji. Siku hizi husema hasara ilikuwapo tangu zamani sana. Kilichokosekana ni hasira.

Baba yake, Kipruto, alikuwa mpakia magogo katika kiwanda cha mbao huko Elburgon. Kazi ile ilimpa henia ya tumbo, naye akaifunga kwa shuka kuukuu na kuendelea kubeba, kama walivyofanya wenzake. Siku utumbo ulipojinyonga, hapakuwa na mtu karibu wa kumpasua. Walimpandisha juu ya lori la mbao wampeleke Nakuru, akakata roho kabla ya kufika Njoro. Ugonjwa wenyewe si wa kuua mtu aliye karibu na daktari.

Jebet alisoma na uchungu huo kifuani. Alipohitimu, hospitali za wenye bima mjini Nakuru zilimgombania. Alifanya kazi huko miaka michache, akiwapasua wenye nacho asubuhi na mapema huku wapakia magogo wakioza kwenye foleni isiyosonga. Akaacha, akaomba kazi Chemarut, hospitali ndogo ya umma nje ya Elburgon. Wenzake walimcheka kwamba ameenda kuzika digrii msituni.

Chemarut ilikuwa na chumba kipya cha upasuaji, vigae vinang'aa. Ila haikuwa na mashine ya nusukaputi, ile inayomlaza mgonjwa usingizi na kumpumulia anapopasuliwa. Jebet aliomba, akaomba tena. Aliambiwa avute subira, mvumilivu hula mbivu. Wagonjwa wake hawakula mbivu wala mbichi. Walitiwa kwenye ambulensi, siku ikiwa na mafuta, wakashuka na barabara ileile ya baba yake.

Kisha ikaja habari kwamba chumba kitazinduliwa rasmi. Hema zikapigwa, na siku moja kabla ya sherehe lori likashusha mashine. Jebet nusura aimbe. Alipoinama kuikagua akaona mkwaruzo mrefu ubavuni, na mkwaruzo huo aliujua. Aliwahi kualikwa kwenye uzinduzi kule Naivasha, akaipigia makofi mashine hiyohiyo.

Alimuuliza Nicodemus, msimamizi wa stoo ya Nakuru aliyekuja nayo. Nicodemus hakuona haya. Alieleza kwamba sherehe ikiisha mashine hurudi stoo, ikafunikwa turubai na kungoja sherehe nyingine. Ikiachwa kila mahali, wakubwa watazindua nini?

Masikio ya Jebet yaliwaka kwa hasira. Huko Naivasha alipiga makofi kama mjinga, na watu waliendelea kufa njiani huku mashine imelala chini ya turubai! Lakini alikuwa ameona jambo ambalo Nicodemus hakuliona. Mgeni rasmi alitaka picha za mashine ikifanya kazi, kwa hiyo walikuwa wameleta kila kitu: oksijeni, dawa, mipira ya kupumulia. Wameleta wao wenyewe.

Jioni hiyo yeye na Wanyonyi, mtaalamu wa nusukaputi aliyekuwa amekaa Chemarut bila kazi, waliijaribu mashine mpaka wakaridhika. Kisha Jebet akawapigia wagonjwa simu. Wa kwanza alikuwa Kipketer, mpakia magogo mwenye henia kubwa kuliko ya marehemu Kipruto. Jebet hakumficha neno. Alimwambia mashine inatakiwa irudi, ila ikishaanza kumpumulia hakuna atakayethubutu kuigusa. Tena ana ruhusa ya kukataa. Kipketer alicheka, akauliza tu aje saa ngapi.

Kesho yake utepe ukakatwa, hotuba zikamwagika, picha zikapigwa. Wageni walipoelekea kwenye pilau, Jebet akanawa mikono.

Kipketer alikuwa amelala fofofo, tumbo wazi, Nicodemus alipogonga mlango na wapagazi wake nyuma.

"Daktari, hiyo mashine inarudi Nakuru. Lori iko nje."

"Ingia uichomoe," Jebet alisema bila kuinua macho. "Lakini kuna mtu anapumua nayo. Anza na kumwambia bibi yake, ako hapo kwa benchi."

Nicodemus akamtazama mke wa Kipketer, na mke wa Kipketer akamtazama yeye. Benchi lote lilikuwa limejaa wapakia magogo na akina mama wa mashambani, nao wote wakamtazama. Kipketer alipotolewa, mwingine akaingia. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Lori likarudi Nakuru tupu.

Wakubwa walifura. Kuing'oa mashine mbele ya benchi lile waliona aibu, basi wakamng'oa daktari. Kabla wiki haijaisha Jebet alikuwa amehamishiwa Naivasha, na Chemarut ikabaki na mashine isiyo na mpasuaji. Mama yake alimpigia simu kumkumbusha ile methali. Jebet alilia kwa ghadhabu, kisha akahesabu siku zilizobaki kufika Jumamosi.

Jumamosi, siku yake ya kupumzika, aliondoka Naivasha alfajiri. Alipita Njoro akiwa ameuma meno. Chemarut alikuta benchi limejaa, Wanyonyi ameshaiwasha mashine, na mzee mmoja ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Daktari, tulisikia ulikasirika ukaenda," mzee alisema.

"Bado nimekasirika, mzee," Jebet alijibu. "Panda kitandani."