Kiungo cha Mikeke

Mimi si mtu wa kushangaa. Nimeuza ndagala, hawa dagaa wa ziwa, kwenye beseni soko la Baraka nikiwa sina hata sandali, nikauza misumari ya kugawa kwa kiganja, na leo ukiona bati linameta kutoka Fizi mpaka kule juu Minembwe, uliza, utaambiwa limetoka kwa Papa Mabati, na Papa Mabati ndiye mimi. Nimeona ziwa likimeza mzigo wangu mzima wa saruji, nikakaa chini nikanywa chai. Kwa hiyo nilijua hakuna kitu kilichobaki duniani cha kunifungua mdomo, mpaka menyu ya blogu iliponivua nguo mbele ya watu (nguo nilikuwa nazo, tena suti, lakini mnanielewa), na aibu hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, maana mke wangu Mama Furaha akiisimulia huongeza.

Blogu ilikuwa ya maisha yangu. Mtu aliyetoka kwenye beseni la ndagala akafika kwenye ghala lazima aache maneno, na mimi kuandika kwa kalamu kunanichosha (shule niliacha darasa la nne, au yenyewe ndiyo iliyoniacha), ila kwa kidole kwenye simu naandika kama karani. Neema, mama mmoja mwenye duka la fotokopi karibu na soko, akanitengenezea kila kitu, akaweka na picha yangu nimeegemea mabati, akaigeuza simu iseme Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour. Kwenye ukurasa wa kwanza, unaoitwa Nyumbani, niliandika mwenyewe: “Karibuni wote kwa Papa Mabati, Baraka, nyuma ya soko, lango la bluu. Jumamosi saa sita tunaanza. Neno la Papa Mabati halirudi nyuma.” Maana yangu ilikuwa kwamba Jumamosi saa sita nitatoa hadithi ya kwanza, ile ya beseni. Lango la bluu niliweka kwa ajili ya wateja.

Kisha Neema akapata safari ya Uvira. Alipokuwa anapanda gari akaniambia, “Papa, imebakia menu tu. Inakaa pale juu, mutu akiingia anaona iko nini mu nyumba. Ungoje, nitarudi niiweke mi mwenyewe.”

Ningoje? Mimi? Menyu nani asiyeijua? Kila mgahawa hapa Baraka umeiandika kwa chaki mlangoni. Tena nikawasifu kimoyomoyo hao waliotengeneza blogu, nikasema hawa ni watu wenye adabu, wanajua mgeni huwezi kumjaza hadithi tumbo likiwa tupu, hata kama ni tumbo la kwenye simu. Nikavaa miwani, nikafungua pahali pa menyu, nikaandika vyakula vya mtu mzima: Mikeke ya Kuchoma, Bugali wa Muhogo, Sombe, Nyama ya Ng’ombe, Maziwa ya Minembwe.

Simu ikaniuliza: “Weka kiungo.”

Hapo, nakiri, nilivutiwa sana. Simu inajua mpaka upishi! Kwenye mikeke, samaki wetu wa ziwa, nikaandika pilipili na vitunguu. Ikajibu kwa maandishi mekundu: “Kiungo si sahihi.” Nikatoa vitunguu nikaweka tangawizi. Si sahihi. Nikaweka iliki (kwenye samaki, Mungu anisamehe). Si sahihi. Nikaona hapa panahitaji fundi, nikaita jikoni.

“Mama Furaha! Mikeke munawekeaka kiungo gani?”

“Chumvi na ndimu. Kwani we mara ya mwisho ulikula nini?”

Nikaandika chumvi na ndimu. Nyekundu. “Inakataa!” nikamwambia.

“Nani anakataa?”

“Simu!”

Akachungulia, akanitazama mimi, akaitazama simu. “Basi ipikie we mwenyewe,” akasema, akarudi kutwanga majani ya muhogo ya sombe yake.

Mwisho wa vita hiyo simu ikanionea huruma, ikaniletea neno moja la kuchagua: Nyumbani. Nikaligusa, ikakubali kwa kijani. Nikasema ndiyo hivyo, chakula cha nyumbani, hata simu imejua! Nikavipa vyakula vyote kiungo kimoja, Nyumbani, nikatuma blogu kwa kila namba iliyowahi kununua bati kwangu, nikalala usingizi wa mtu aliyesoma.

Sasa angalia nilichokuwa nimefanya. Mtu kule Fizi anafungua simu, anaona Mikeke ya Kuchoma, anaigusa, na simu inamjibu: karibuni wote, lango la bluu, Jumamosi saa sita tunaanza. Anagusa Nyama ya Ng’ombe: karibuni wote, lango la bluu. Wewe ungeelewa nini?

Jumamosi nilivaa suti ili niitoe hadithi yangu kwa heshima. Kabla sijafunga tai, pikipiki zikaanza kunguruma nje. Nikachungulia kwenye tundu la lango. Bamama wa kwaya wamevaa vitenge vya sare, mafundi wangu wote wa Fizi na wake zao, wavuvi, watu wa Makobola ambao niliwauzia mabati mara moja tu, na mwingine simjui kabisa ameshika sahani yake kutoka kwake. Nikafunga tundu. Nikamwambia Mama Furaha aende awaambie ninaumwa, malaria imenipanda kichwani.

“Mi siendi,” akasema. “We uliandika neno lako halirudi nyuma. Funga lango leo uone kama iko mutu atakuja kununua kwako hata musumari moja. Batasema Papa Mabati aliita batu, akabafungia njaa mu barabara.”

Na ni kweli. Watu hapa hununua kwangu nusu ya mabati bila kuyaangalia, kwa sababu nimesema ni mazima. Neno hilo likioza, ghala lote ni kutu. Nikafungua lango, nikacheka kama mtu aliyejiandaa, huku kwa mkono wa nyuma namtuma karani wangu bucha akachukue mguu mzima wa ng’ombe, na unga, na mkaa, upesi.

“Papa Mabati, mikeke iko wapi?” mama mmoja wa kwaya akapaza sauti. “Ao ni ya kuangalia mu simu?”

Wakacheka uwanja mzima. Jasho likafika kwenye soksi. Ndipo Asukulu, mvuvi ninayemuuzia misumari ya mitumbwi, akapenya na wenzake wamebeba beseni mbili.

“Tulisoma mikeke,” akasema, “tukasema huyu mutu wa mabati hajui ziwa. Mwezi iko mukubwa, samaki hawafuate taa, ataipata wapi? Njo maana tukaleta ile tuliyokesha nayo usiku muzima.”

Sijapata hata kumshukuru, nikaona watu langoni wakisogea nyuma. Alikuwa pasta Zakayo wa Minembwe, niliyemuuzia bati la kanisa lake, na vijana wake, vumbi mpaka kwenye kope, wamelala njiani, kwenye njia ambayo siku hizi, kwa ajili ya bunduki na sisi wa ziwani kutoaminiana na watu wa juu, mtu haipiti kwa mchezo. Wamebeba vibuyu vya maziwa.

“Tuliona umeandika maziwa ya Minembwe,” pasta akaniambia, “tukaulizana, Papa Mabati hana hata ndama, atakamua nini, mabati?”

Mimi, nisiyeshangaa, mdomo ulifunguka na haukufungika. Neno nililoandika na miwani imepinda lilipanda mlima, likaingia kwenye nyumba ambazo mimi sijawahi kufika, likashuka na watu na maziwa. Wavuvi wakawasogelea wale wa juu, wakawapa nafasi juu ya mbao zangu, kibuyu kikaanza kuzunguka.

Neema aliingia saa hiyo hiyo kutoka Uvira, mkoba begani. “Papa! Kilio ni ya nani? Nani alikufa?”

Nikamwonyesha menyu. Akasoma, akajishika kwenye nguzo ya baraza, akacheka mpaka akakaa chini.

“Papa, kiungo haiko pilipili! Kiungo ni njia. Unagusa hapa, inakupeleka kule.”

Nikautazama uwanja wangu, mikeke na maziwa vikipishana mikononi. “Basi mbona imepeleka?” nikamuuliza. Akanyosha mkono kupokea kibuyu.

Sasa menyu ameiweka Neema mwenyewe: Nyumbani, Maisha Yangu, Bei ya Mabati, Niandikie. Mimi nimeapa sitaigusa tena, na nikiambiwa ningoje, nitangoja. Hadithi ya beseni bado haijatoka, watu wanaulizia tu mikeke. Na kama mnataka kujua, nyama, unga, mkaa na sahani zilizopotea vilinigharimu dola mia tatu arobaini na mbili, na faranga elfu moja mia tano za ndimu.