Idd Yangu, Krismasi Yake

Siku yangu ya kwanza kazini Geita nilivaa kofia nyeupe ya mpishi niliyoipiga pasi Mombasa, nikadhani nimekuja kuwafundisha watu wa bara kula. Mpishi Mkuu wa kambi ya mgodi, mzee asiyecheka ovyo, alinitazama toka juu hadi chini.

"Mkenya, hapa watu wanatoka shimoni na njaa," akaniambia. "Wapikie kwanza. Maringo baadaye."

Mchele wa Kahama ndio ulionitia adabu, maana unanukia wenyewe, hauna haja ya ufundi wa mtu. Nilijifunza pia mlenda, ile mboga ya kuteleza, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani, kisha vikapikwa na karanga. Aliyenionjesha ni Mama Kulwa, Msukuma tuliyepika naye, aliyeleta kidogo kwenye kibakuli saa ya chai. Mwanzoni nilitafuna kwa heshima tu. Baadaye nikawa namngoja getini. Nami nikamfundisha pilau ya kwetu: kukaanga vitunguu viwe kahawia bila kuungua, na kupalia, ndiko kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive juu na chini.

"Mwangaluka, Baba Salma," alinisalimu asubuhi moja, akanipa kibakuli cha michembe. "Hii si kitu. Krismasi njoo nyumbani, mama mkwe akupikie ya sikukuu, ule na maziwa mgando. Anataka kumwona huyo mtu wa baharini."

Ningeenda vipi? Jikoni tulikuwa na desturi ambayo sote tuliiona ya haki: Krismasi Waislamu tunabaki kazini ili Wakristo waende makwao, na Idd wao wanabaki ili sisi tukaswali. Idd yangu, yeye ndiye aliyepika pilau ya kambi nzima. Krismasi yake, mimi ndiye niliyechoma kuku na kuoka keki za wazungu. Miaka yote ile tulifanyiana wema, na wema huo huo ukatunyima kukaa meza moja ya sikukuu. Nilimwendea Meneja wa Kambi mara moja kuomba ruhusa ya Krismasi.

"Nikikuruhusu wewe, atapika nani?" akauliza.

Nikarudi jikoni na habari hiyo. Mama Kulwa akacheka tu: "Mwaka kesho, basi."

Idd zenyewe nilisherehekea mjini Geita na watu wa pwani wenzangu, tukilalamika kwamba nazi zimekauka na tende ni mbovu. Leo inaniuma. Nilikaa nchi ya watu nikiwatafuta watu wa kwetu.

Nilipostaafu, kabla ya kurudi Mombasa, nikasema Krismasi hii hainipiti. Nikaenda kwa Mama Kulwa, aliyeacha kazi mwaka mmoja kabla yangu, kijijini karibu na Rwamgasa, nimevaa kanzu mpya. Tangu uani nilinusa bizari. Mama Kulwa alinipokea kwa vigelegele, akafunua sufuria: pilau, tena imepaliwa vizuri kuliko yangu.

"Siku hizi hapa bila pilau si Krismasi," akasema kwa fahari. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nikala nikashiba. Kisha nikauliza, kwa mzaha, michembe yangu ya sikukuu iko wapi.

Akaweka kijiko chini.

"Mama mkwe tulimzika wakati wa mavuno, Baba Salma. Yeye ndiye aliyeiweza hiyo ya sikukuu. Watoto siku hizi hawaitaki."

"Pole sana, Mama Kulwa. Sikujua."

"Kila Krismasi alikuwekea yako pembeni, ameifunika. Tukimwambia uko zamu, anasema mgeni hana saa, anaweza kutokea. Jua likizama ndipo anawapa watoto."

Nilinawa mikono muda mrefu, maana sikutaka wanione uso.

Ninyi mnaoanza kazi ugenini, sikilizeni. Zamu hubadilishwa, ila yataka kuombwa tena na tena mpaka bosi achoke. Mimi niliomba mara moja tu.