Lakiri ya Forodha

Kwamba afisa wa forodha aliyetupitisha bila kibali aliadhibiwa baadaye, nilisikia tu. Niliyoyashuhudia yalinirudia juzi, karani mmoja wa Ikungi alipoyeyusha lakiri, ile nta ya muhuri, kufungia bahasha.

Nilipokuwa mtoto, baba alinivusha ziwa la mpakani kwa mashua ya kukodi, twende kumwona mama aliyelazwa nchi ya ng'ambo.

“Mzee, kibali cha kutoka kwenu kiko wapi?” afisa wa forodha alimuuliza tulipotia nanga.

“Kwetu Kinampanda vibali ni vya ng'ombe, bwana.”

Afisa akawasha mshumaa kuyeyushia lakiri. Iliponuka lakiri, nilikumbuka ndama wetu walivyopigwa chapa kwa chuma cha moto. Nikanyoosha mkono.

“Shikamoo. Nichome mimi, baba apite.”

“Marahaba. Hapa tunachoma lakiri tu,” akacheka, akagonga muhuri juu ya lakiri kwenye karatasi ya kumruhusu baba apite.

Jioni ile mama aliushika mkono huo. Haukuwa na alama.