Jiwe la Mzee Tarsisi

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo haijanitoka. Ni ile ambayo mume wangu, Byamungu, aliuacha mwiko wake juu ya ukuta wa mawe, akanawa mikono kwenye ndoo, akaondoka bila kuaga mtu. Saruji aliyokuwa amekwisha kuikoroga ilibaki pale ikikauka. Sisi wanawake tuliokuwa tukibeba mchanga tulitazamana tu. Nilikuwa bado kijana, na sikujua nimfuate au nibaki.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia hapo tu utamwona kuwa mtu mbaya, naye hakuwa mbaya.

Tulifika Durban miaka ya tisini ikielekea ukingoni, baada ya vita kuingia kwetu Uvira, kando ya ziwa. Tulipata chumba mtaa wa Point, katika jengo la zamani karibu na bandari, tukakigawana na familia nyingine kwa pazia. Mimi nilisuka nywele kwenye saluni mjini. Byamungu alikuwa fundi mwashi, kazi aliyorithi kwa baba yake, lakini hapa bila makaratasi nani angempa ukuta ajenge? Akawa analinda magari ya watu yaliyoegeshwa barabarani, kutwa juani, na kizibao cha njano kifuani. Jioni alikaa kitandani akiitazama mikono yake. Mdogo wake, Désiré, aliuawa njiani tulipokuwa tunakimbia. Tangu siku ile Byamungu alipunguza maneno, mpaka binti yetu Neema akazoea kuja kuniuliza mimi kama baba amekasirika.

Katika kanisa tulilosali alikuwepo Mzee Anselmi, aliyekuwa katekista huko kwetu kwa miaka mingi. Alikuwa mwembamba, msafi, na shati lake moja jeupe alilipiga pasi kama padri anakuja kulikagua. Yeye ndiye aliyemwendea paroko, Mzulu mmoja mpole, akamwomba kona nyuma ya kanisa ili tujenge groto, pango dogo la mawe la kusalia, kwa ajili ya wafiadini. Alitaka tuwaheshimu wale mapadre wa kwanza waliofika ng'ambo ya ziwa letu, kwa Warundi, wakauawa kwa mikuki hata kabla hawajaijua vizuri lugha ya wenyeji. Alimwambia paroko kwamba sisi wakimbizi tumeacha makaburi yetu yote nyuma, na hatuna hata pahali pa kwenda kusimama kimya. Paroko akakubali. Kina gogo wa parokia, mabibi wa Kizulu, walipoelezwa hao marehemu ni nani, wakaanza kutuletea chai kila Jumamosi.

Byamungu ndiye aliyepewa ufundi. Laiti ungemwona! Siku ya kwanza alilishika jiwe, akaligeuza, akalipiga kwa nyundo ndogo na kusikiliza mlio wake, halafu akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu Uvira. Nilijifanya nina kazi ya kuokota kokoto ili asiyaone machozi yangu. Nyumbani akaanza kuzungumza tena. Akamwonyesha Neema jinsi mawe yanavyofungana, kwa kutumia viazi mezani. Basi, groto kwangu haikuwa tena habari ya wafiadini peke yao. Nilikuwa namwona mume wangu akirudi, kidogo kidogo.

Ndipo akaja Mzee Tarsisi.

Alikuwa Mrundi, fundi viatu pale kwenye soko la Warwick, mzee wa kimya aliyekaa kiti cha nyuma kabisa kanisani. Jumamosi ile niliyoanza kukuambia, aliingia uani akiwa amekumbatia jiwe la mtoni, akalitua chini, akavua kofia. Tulidhani amekuja kusaidia kama wengine. Akaomba aseme neno.

"Hao mapadre munaowajengea," alisema, "babu ya baba yangu alikuwa kati ya watu walioshika mikuki siku ile. Kwetu hiyo habari haisemwi inje. Baba aliniambia mimi tu, kwa kuwa ni mimi mkubwa. Sasa mimi sina tena mutoto wa kumwambia. Vita imewamaliza wote. Nilikuwa naomba niweke jiwe moja tu."

Ni hapo ndipo Byamungu alipouacha mwiko.

Nilimkuta nyumbani. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba askari waliomuua Désiré walizungumza lugha ambayo masikioni mwake ilikuwa ileile ya mzee yule. Alisema hawezi kuunga jiwe la mtu wa namna hiyo kwa mikono yake mwenyewe, na wakitaka watafute fundi mwingine. Mwanangu, sikumlaumu. Désiré nilimpikia mimi tangu akiwa mwanafunzi. Hata mimi, kila niliposikia lugha ile katika foleni ya makaratasi, mwili ulinisisimka. Ingawa akili ilijua kwamba Mzee Tarsisi hakumgusa mtu wetu, na kwamba yeye pia alikimbia na kufiwa kama sisi, mwili haukutaka kusikia.

Kesho yake, baada ya misa, Mzee Anselmi alipanda ngazi zote za jengo letu, maana lifti ilikuwa imekufa zamani. Nilimpa kiti na maji. Alikunywa, akapumzika, akauliza habari za Neema na shule. Mimi nilikuwa nasubiri amgombeze Byamungu, na nadhani hata Byamungu alisubiri hivyo. Wala hakupandisha sauti.

"Papa Neema," alisema, "nimefundisha katekisimu tangu ujana wangu. Habari ya wale mapadre niliisimulia kila mwaka, na watoto waliipenda. Lakini sikujiuliza hata siku moja wale waliowaua walikwenda wapi kisha. Kumbe walirudi kwao, wakalala, wakazaa. Na huyu amezaliwa mule. Ameibeba hiyo kitu mpaka Durban. Wewe unataka aibebe mpaka wapi?"

Byamungu alitazama chini.

"Wale waliomuua Désiré nao wako na watoto," Mzee Anselmi akaendelea. "Siku moja mutoto mumoja atakuja kutafuta pahali pa kupiga magoti. Akute nini?"

"Huyo sitaki kumwona," Byamungu alisema.

"Sijakuuliza kama unataka."

Alilisema hilo kwa upole sana, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Kisha akamwekea mkono begani, akasimama, akashuka ngazi zake. Mwanangu, nimekemewa na watu wengi katika maisha haya, lakini kemeo lile, ambalo hata halikuwa langu, ndilo lililonikaa. Wiki nzima alikwenda kwenye magari yake na kurudi. Kitu kimoja tu nilikiona: alilitoa shati la Désiré, ambalo tulikuwa tumekuja nalo katika mfuko, akalikunjua, akalikunja upya vizuri, akalirudisha.

Jumamosi iliyofuata alivaa nguo zake za kazi. Sikuthubutu kumuuliza anakwenda wapi. Nilimchukua Neema nikamfuata nyuma. Tulipofika kanisani, Mzee Tarsisi alikuwa ameketi nje ya geti, jiwe lake miguuni. Hakuwa amethubutu kuingia. Byamungu akampita. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Akaenda akachekecha mchanga, akakoroga saruji taratibu, akaibandua ile ya zamani iliyokaukia kwenye ukuta. Kina gogo waliacha kumimina chai wakamtazama. Alipomaliza, alirudi hadi getini akasimama mbele ya mzee.

"Mzee, lete jiwe lako," alisema. "Leo siwezi kukuambia kama nakupenda. Lakini jiwe lako litakaa."

Mzee Tarsisi alijaribu kulinyanyua, safari hii likamshinda. Byamungu akainama akalishika upande wa pili. Wakalibeba pamoja, wakitembea kiubavu kama watu wanaohamisha kabati, mpaka kwenye ukuta. Byamungu akamwonyesha pa kuliweka, akalipimia timazi, akaligongagonga mpaka likatulia. Mzee akaacha kiganja chake juu yake muda mrefu, akisali kwa lugha yake. Byamungu alisimama karibu akaisikiliza lugha ile mpaka mwisho. Nilimwona meno yameumana na machozi yanashuka, lakini hakuondoka.

Usidhani walikuwa marafiki kesho yake. Hapana. Ilikuwa salamu tu, halafu baadaye salamu na neno moja. Groto ikamalizika, paroko akaibariki, tukaimba mpaka sauti zikatukauka. Baridi ilipoingia Mzee Tarsisi akaugua kifua. Nilipomwambia Byamungu, alichukua chombo cha uji mkononi mwangu akampelekea mwenyewe, na siku zilizofuata akawa anakwenda bila kuambiwa. Mzee alipofariki hakukuwa na ndugu. Wakati wa kutupia udongo padri alisita, akitafuta mtoto wa marehemu, na Byamungu akasogea mbele. Jioni ile alimkalisha Neema karibu naye, akaanza kumsimulia habari za baba yake mdogo Désiré, alivyokuwa akicheka na alivyoogopa mbwa. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lile mbele ya mtoto.

Mwanangu, najua nawe una watu ambao ukiwasikia wanazungumza mwili wako unasisimka, na huenda una sababu. Sikuambii usahau, maana mimi sijasahau. Ninachokuambia ni hiki: usimlipishe mtu kosa ambalo mikono yake haikulifanya, na akija kwako na mzigo wa watu wake, usimwache nje ya geti eti unangoja kwanza moyo wako upoe. Moyo unaweza kuchelewa. Wewe mfungulie, mshike mkono ubebe naye, hata kama huna la kumwambia. Na akija mzee kukukosoa kwa upole, msikilize, kwa sababu wenye upole huo si wengi na hawakai sana.

Mungu akupe mikono inayojenga, mwanangu. Akulindie wako, walio hai na waliotangulia, na pale utakapofika ugenini umkute mtu wa kukuambia ingia. Amina.